Dawa ya Sukari Iliyogeuka Ngao ya Figo

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali waliokutana kujadili afya ya mfanyakazi. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi juu ya kisukari na figo, kwanza nilisitasita. Mimi si daktari. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi ya mwandishi ni kuwauliza wanaojua, kusoma walichokiandika, kisha kukieleza kwa lugha inayoeleweka bila kukipunguzia ukweli wake. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu ninalo deni kwa mwalimu mmoja.

Mwalimu huyo alinifundisha hesabu nilipokuwa darasa la sita. Alikuwa na desturi moja iliyotukera sana wakati ule. Mwanafunzi akiandika jibu sahihi bila kuonyesha njia, alipewa sifuri. "Jibu lisilo na njia ni uvumi," ndivyo alivyokuwa akituambia. Leo mwalimu yule amestaafu. Mara tatu kwa juma huamka alfajiri na kupanda basi kwenda hospitali, akalala kando ya mashine kwa muda wa saa nne hivi, damu yake ikatolewa, ikasafishwa, na kurudishwa mwilini. Figo zake mbili haziwezi tena kazi hiyo. Aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Figo zilikufa polepole, bila maumivu, na siku alipoambiwa, jambo lilikuwa limekwisha kuharibika.

Nilipokwenda kumjulia hali, nilimpa shikamoo yake, akaipokea, na hakunilalamikia neno lolote. Aliniuliza swali. Binti yake, ambaye naye ni mwalimu, amegunduliwa kuwa na kisukari. Daktari amemweleza kwamba ziko dawa za kisukari ambazo, pamoja na kushusha sukari, hulinda figo. "Mwanangu," akaniambia, "wewe kazi yako ni kusoma habari za dunia. Je, jambo hili ni kweli au ni maneno ya wauza dawa? Na kama ni kweli, wamelijuaje? Nionyeshe njia."

Ndugu zangu, mazungumzo yangu ya leo ni jibu la swali hilo. Nitajitahidi kuonyesha njia, hatua kwa hatua, ili nisije nikapewa sifuri kwa mara ya pili.

KAZI YA FIGO

Tuanze na figo yenyewe. Kila figo ya mtu mzima ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zetu mbili huchuja kutoka katika damu maji yapatayo lita 180, yaani madebe tisa ya lita 20 kila moja. Lakini mkojo tunaoutoa kwa siku ni lita moja au mbili tu. Maji mengine yote, pamoja na chumvi na sukari iliyomo, hurudishwa katika damu na vijifereji vinavyofuata baada ya kila kichujio. Katika maji hayo huwamo sukari ipatayo gramu 180 kwa siku, na kwa mtu mwenye afya sukari hiyo hurudishwa karibu yote. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, kiasi cha tisa ya kumi, hufanywa na mchukuzi mmoja wa sukari aliyeko mwanzoni mwa kijifereji. Naomba mumkumbuke mchukuzi huyo, kwa maana habari yote inamzunguka yeye.

Kichujio cha figo kinafanana na kifumbu cha kukamulia nazi. Mama anapokikamua kwa nguvu ya kiasi, tui hupita na chicha hubaki. Akikikamua kwa nguvu kupita kiasi, leo, kesho, na keshokutwa, misuko ya ukindu hulegea, na chicha huanza kupenya na kuingia katika tui. Katika figo, chicha hiyo ni protini ya damu iitwayo albumini. Ikionekana katika mkojo, ujue kifumbu kimeanza kulegea. Na kama vile kifumbu kilicholegea hakisukwi upya kikawa kama kilivyokuwa, vichujio vya figo vikishakufa havioti tena.

Sasa, ni nani anayekikamua kifumbu kwa nguvu hizo? Hapa ndipo kisukari kinapofanya hila yake. Mchukuzi niliyemtaja habebi sukari peke yake. Kila anaporudisha sukari, hurudisha na chumvi pamoja nayo. Damu ikiwa na sukari nyingi, sukari nyingi huchujwa, na mchukuzi hufanya kazi ya ziada, hivyo na chumvi nyingi zaidi hurudishwa mapema. Mbele zaidi katika kijifereji ziko chembe hai zinazofanya kazi kama ya mlinzi wa lango. Hupima chumvi inayofika, na kwa kipimo hicho hukadiria kama kichujio kinapata damu ya kutosha. Mlinzi akiona chumvi ni chache, hudhani kichujio kina njaa ya damu, basi huamuru mshipa unaoingiza damu ufunguke zaidi. Kumbe damu ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo! Amepewa taarifa ya uongo, na kwa taarifa hiyo ametoa amri mbaya. Sisi tuliozoea maofisi tunajua madhara ya amri njema iliyojengwa juu ya taarifa isiyo sahihi.

Shinikizo ndani ya kichujio hupanda, na hukaa juu usiku na mchana kwa miaka. Mgonjwa hasikii maumivu. Hukojoa kama kawaida, hufundisha kama kawaida, husahihisha madaftari kama kawaida. Ndiyo maana madaktari huyaita maradhi ya figo kuwa ni maradhi ya kimya.

GOME CHUNGU LA MTOFAA

Dawa tunayoizungumzia leo ina asili ya ajabu. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa katika gome la mti wa tofaa kitu kichungu walichokiita florizini. Kwa kuwa kwinini, dawa ya homa, ilitoka katika gome chungu, walitumaini kwamba uchungu huu mwingine nao ungetibu homa. Matumaini hayo hayakutimia. Lakini miaka ya 1880, daktari mmoja wa Ujerumani aitwaye Josef von Mering aligundua kwamba florizini humfanya aliyeimeza atoe sukari nyingi katika mkojo. Huyu ndiye aliyeshirikiana na Oskar Minkowski mwaka 1889 kuonyesha kwamba mbwa aliyeondolewa kongosho hupata kisukari, ugunduzi uliofungua njia iliyofika kwenye insulini huko Toronto mwaka 1921.

Kwa karibu miaka mia moja florizini ilibaki kuwa chombo cha maabara. Kuona sukari katika mkojo kulihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Nani angedhani kwamba kuitoa sukari kwa njia hiyo hiyo kungeweza kuwa tiba? Hata hivyo, mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wenye kisukari waliopewa florizini walishuka sukari, na miili yao ikaanza tena kuitikia insulini. Florizini yenyewe haikufaa kuwa kidonge, kwa sababu huvunjwavunjwa tumboni na huvuruga matumbo. Wanakemia wakatengeneza ndugu zake wanaostahimili tumbo na wanaomlenga yule mchukuzi mmoja wa figo. Ndugu hao ni dapagliflozini, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2012, kanagliflozini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2013, na empagliflozini, iliyofuata mwaka 2014. Zilipoingia sokoni zilitangazwa kwa kazi moja tu: kushusha sukari. Hakuna aliyezinunua kwa ajili ya kulinda figo.

AMRI ILIYOLETA JIBU LISILOULIZWA

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali ambapo watumishi wa umma watapenda kupasikia, kwa maana mambo yaligeuzwa na waraka wa Serikali.

Mwaka 2007 ulichapishwa uchambuzi uliotia shaka kwamba dawa moja ya kisukari iliyokuwa ikitumiwa sana, rosiglitazoni, ilikuwa ikiongeza mshtuko wa moyo. Hofu ilikuwa kubwa. Je, inawezekana dawa ikashusha sukari katika karatasi ya maabara huku ikimdhuru mwenye kuimeza? Mwezi Desemba 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa mwongozo mpya. Kila kampuni inayoleta dawa mpya ya kisukari ilitakiwa ionyeshe, kwa majaribio juu ya watu wengi, kwamba dawa hiyo haidhuru moyo. Makampuni yalinung'unika kwamba majaribio ya namna hiyo ni ghali na ya muda mrefu. Lakini yalifanyika.

Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya empagliflozini. Watu 7,020 wenye kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo au mishipa walikuwa wamegawanywa kwa kura. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kinachofanana nayo kwa sura lakini kisicho na dawa ndani. Swali lilikuwa kama dawa inadhuru. Jibu lilikuwa kwamba vifo vitokanavyo na moyo vilipungua kwa asilimia 38. Mwaka uliofuata watafiti wakachambua habari za figo za watu hao hao. Katika kila watu 100 waliopewa kidonge kitupu, karibu 19 walipata ugonjwa wa figo au waliokuwa nao ukazidi. Miongoni mwa waliopewa dawa, walikuwa karibu 13.

Hapa mwalimu wangu angeinua chaki na kusema: subiri. Jaribio lile lilitengenezwa kwa ajili ya moyo. Figo zilichunguzwa kwa pembeni. Na mtu akitazama takwimu nyingi, hakosi kuona moja inayompendeza. Watafiti makini walisema hivyo hivyo. Wakasema kwamba hiyo ni dalili njema, bado si uthibitisho. Ikabidi swali la figo liulizwe peke yake, kwa wagonjwa wa figo, na kabla ya kuanza iandikwe ni kitu gani kitakachohesabiwa.

MAJARIBIO MATATU

Jaribio la kwanza la namna hiyo lilitoa matokeo mwaka 2019. Lilihusu kanagliflozini na watu 4,401 wenye kisukari cha aina ya pili ambao tayari albumini ilikuwa ikivuja katika mikojo yao. Kikundi kilichopewa dawa kilipata upungufu wa asilimia 30 katika mambo yaliyokuwa yakihesabiwa: figo kushindwa kabisa, kazi ya figo kushuka kwa kiasi kilichowekwa, au kifo kitokanacho na figo au moyo. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ilikuwa imekwisha kuonekana wazi.

La pili, la mwaka 2020, lilihusu dapagliflozini na watu 4,304. Hili lilikuwa na jambo jipya, kwa maana kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa hao hawakuwa na kisukari kabisa. Nitawapa hesabu yenyewe, kwa sababu asilimia zinaweza kupumbaza. Kila kikundi kilikuwa na watu 2,152. Katika muda wa miaka miwili na miezi michache, waliopatwa na mojawapo ya mambo yaliyohesabiwa walikuwa 312 katika kikundi cha kidonge kitupu, na 197 katika kikundi cha dawa. Tukikadiria athari ya dawa kwa muda wote huo, hatari ilipungua kwa asilimia 39. Kwa lugha ya kawaida, katika kila watu 100, wale waliopatwa walishuka kutoka 14 au 15 hadi tisa. Yaani wale tisa walipatwa ingawa walimeza dawa, na wengi wa wale 100 wasingepatwa katika muda ule hata kama wasingeimeza. Hii ni ngao, ndugu zangu, na kila mwenye kujua vita anajua kwamba ngao huzuia mishale mingi lakini haizuii yote.

La tatu, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, lilitoa matokeo mwaka 2022. Lilihusu empagliflozini na watu 6,609, wengi wao wakiwa hawana kisukari. Hatari ilipungua kwa asilimia 28.

Angalieni jinsi hesabu hizi zinavyotufundisha kufikiri. Figo ikiwa imedhoofika, huchuja sukari kidogo, na kwa hiyo dawa hizi haziwezi kushusha sukari ya damu kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo ulinzi ulibaki. Na wasio na kisukari, ambao hawakuwa na sukari ya kushushwa, nao walilindwa. Basi ulinzi wa figo hautokani na kushuka kwa sukari peke yake. Unatokana zaidi na yule mlinzi wa lango. Dawa ikimzuia mchukuzi, chumvi haibebwi mapema, inamfikia mlinzi, naye anapata taarifa ya kweli. Anauamuru mshipa unaoingiza damu ujibane kidogo, na shinikizo ndani ya kichujio linashuka. Mkono unaokamua kifumbu umelegezwa.

Jambo hili lina matokeo moja linalowatisha wasiojua. Katika wiki za kwanza, kipimo cha kazi ya figo hushuka kidogo, ndipo kikatulia, na baada ya hapo kasi ya kuharibika hupungua. Mgonjwa asiyeelezwa anaweza kuitupa dawa akidhani inamuua figo, kumbe kushuka kule kwa mwanzo ndiko kulegea kwa mkono. Aamue daktari, kwa kipimo, si mgonjwa kwa hofu.

Mwaka 2024 ikaongezeka habari ya dawa ya ukoo mwingine, semaglutidi, ambayo hudungwa mara moja kwa juma. Katika jaribio la watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo, hatari ilipungua kwa asilimia 24. Basi njia ya kuelekea kwenye ulinzi wa figo si moja tena.

DAWA YENYE FAIDA INA NA MASHARTI

Isije ikafahamika kwamba nimekuja kuzipigia debe dawa hizi. Kwa kuwa hutoa sukari katika mkojo, huleta maambukizo ya fangasi sehemu za siri kwa baadhi ya watumiaji. Hupunguza maji mwilini. Na mara chache huleta hatari kubwa zaidi, ya damu kujaa asidi, hata sukari ikiwa haijapanda sana, jambo ambalo hufanya ugonjwa uchelewe kutambuliwa. Kwa sababu hiyo madaktari huagiza dawa isimamishwe kwa muda mgonjwa anapotapika, anapoharisha, anaposhindwa kula, au anapokaribia kupasuliwa. Anayekusudia kufunga mwezi wa Ramadhani yampasa azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanaoishi kwa insulini, wamo katika hatari kubwa zaidi ya asidi hiyo. Hizi si dawa za kununua dukani kwa kusikia kwamba jirani zimemfaa.

Wala dawa mpya haifuti dawa ya zamani. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo mwaka 1998 ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kwa bidii tangu mwanzo hupunguza madhara ya mishipa midogo, ikiwa ni pamoja na ya figo. Mwaka 1993 ilithibitishwa kwamba kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu iliyobuniwa kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazili, ilipunguza kwa karibu nusu kudhoofika kwa figo kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza. Mwaka 2001 losatani nayo ikathibitishwa kwa wenye aina ya pili. Hizi zimekwisha kuwa dawa za bei nafuu. Na wagonjwa wengi wa yale majaribio niliyoyataja walikuwa tayari wanazitumia. Dawa mpya iliongezwa juu yake. Ngao imeshonwa kwa ngozi mbili, na ngozi ya kwanza tunayo siku nyingi.

NA SISI JE?

Nimekuwa nikizungumzia Oxford na Marekani. Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1989 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, ukaonyesha kwamba chini ya mtu mzima mmoja katika kila 100 alikuwa na kisukari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kiwango cha kisukari cha watu kama tisa katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 25 na 64. Chunguzi hizi mbili hazikufanana kwa njia, kwa mahali, wala kwa umri wa waliopimwa, kwa hiyo tusizilinganishe kama mtu anavyolinganisha mizani miwili. Lakini hata baada ya kusema hayo, ni nani kati yetu asiyemjua mwenzake wa ofisini au wa shuleni aliye na maradhi haya?

Sasa nitawaeleza habari ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 369 wenye kisukari waliohudhuria kliniki ya Bugando, Mwanza. Watu 309 kati yao walikuwa na dalili za ugonjwa wa figo. Na katika hao 309, hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Ndugu zangu, naomba tuitazame hesabu hiyo kwa makini. Watu hawa hawakuwa wamekaa nyumbani wakikwepa hospitali. Walikuwa wanahudhuria kliniki, wana kadi, wanapimwa sukari. Kifumbu chao kilikuwa kinavuja, na habari haikuwafikia mpaka walipokuja watafiti wakauliza.

Basi ngao itamfaa nini mtu asiyejua kwamba mishale inarushwa?

Liko na jambo la pili. Lile jaribio la Oxford lilifanyika katika nchi nane: Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani, Italia, China, Malaysia na Japani. Hakuna hata moja ya Afrika. Katika jaribio la mwaka 2020, watu weusi walikuwa chini ya watano katika kila 100. Sisemi kwamba dawa haitatufaa. Mchukuzi wa sukari katika figo ya Mwafrika ni yule yule, na mlinzi wa lango ni yule yule. Ninachosema ni kwamba kujua ni kupima. Kliniki zetu zikiweka kumbukumbu nzuri za vipimo vya figo za wagonjwa wanaoanza dawa hizi, baada ya miaka michache tutakuwa na jibu letu wenyewe. Kazi hiyo huanzia kwenye daftari lililojazwa vizuri, na huyo ajazaye daftari ni mtumishi wa umma kama ninyi.

La tatu ni bei. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za ukoo huu katika orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2020 hataza ya dapagliflozini ilikwisha nchini India, na viwanda vingi vya huko vikaanza kuitengeneza, bei ikashuka. Hivyo kidonge hiki hakipaswi kuhesabiwa daima kuwa kidonge cha matajiri. Anayeandaa makisio ya dawa ya mkoa au ya wilaya hana budi kuweka upande mmoja bei ya kidonge, na upande wa pili gharama ya mashine ya kusafisha damu, mara tatu kila juma, mwaka hadi mwaka, pamoja na nauli ya basi la alfajiri, na vipindi visivyofundishwa. Nchi yetu imepiga hatua. Mwezi Novemba 2017 figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Tunajivunia hatua hiyo. Lakini figo ya kupandikizwa lazima itoke kwa ndugu anayejitolea, na ndugu hao ni wachache. Figo iliyo rahisi kuliko zote ni ile ambayo mtu amezaliwa nayo na haijaharibika.

YATUPASAYO

Yatupasa kufanya nini basi? Mwenye kisukari asiridhike na kupimwa sukari peke yake. Walau mara moja kwa mwaka aombe kipimo cha albumini katika mkojo, na kipimo cha kreatinini katika damu, na aombe aambiwe majibu yake kwa maneno anayoyaelewa, ayaandike. Kijiti cha kupimia mkojo ni kitu kidogo, na ingawa hakioni uvujaji mdogo wa mwanzo, ni heri kuliko ukimya. Mwenye shinikizo la damu naye afanye vivyo hivyo. Anayetumia vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki kila siku ajue kwamba vidonge hivyo navyo huidhuru figo iliyodhoofika, na amwarifu daktari. Mwalimu mkuu anayeruhusu walimu wake nusu siku ya kwenda kliniki asione amepoteza vipindi. Amevihifadhi vya miaka ijayo. Na sisi waandishi tujifunze kuandika habari za dawa kwa kuonyesha njia, tuseme ni watu wangapi waliopimwa, walilinganishwa na nani, na ni wangapi ambao dawa haikuwafaa.

Ndugu Mwenyekiti, nilirudi kwa mwalimu wangu nikiwa na karatasi yenye hesabu hizi. Aliisoma polepole, akiwa ameegemea mto, mkono mmoja ukiwa umefungwa bendeji baada ya kutoka kwenye mashine. Alipofika kwenye ile ya 312 na 197 alisimama, akaomba kalamu, akagawa mwenyewe pembeni mwa karatasi. Halafu akaniuliza kama dawa hiyo ingeweza kumrudishia figo zake. Nikamjibu kwamba haiwezi. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kujua jibu lakini alitaka kuona kama mwanafunzi wake atasema kweli.

"Basi mpe binti yangu karatasi hii," akasema. "Mwambie aanze na mkojo."

Binti yake amekwisha kupimwa. Albumini ilikuwa imeanza kuonekana, kidogo tu. Kwa baba yake dalili hiyo ilipita bila mtu kuitazama; kwa binti imeonekana mapema, naye yuko chini ya uangalizi wa daktari. Tofauti kati ya wawili hao si damu, kwa kuwa damu yao ni moja. Tofauti ni kwamba safari hii kuna mtu aliyeuliza.